Sumu Isiyo na Mtu

Daktari wa Bungoma alisema mengi siku ile, lakini Nasike alirudi Naitiri na neno moja tu: sumu. Sumu imemwingia mumewe Makokha polepole, kwa miaka, na maji ya nyumbani yapimwe. Hayo ya maji hayakumkaa mtu kichwani. Huku ukitaja sumu, watu huuliza nani alitia.

Wala hawakutafuta mbali. Nyaruai, mama Kui, jirani ambaye wazazi wake walihamia kutoka Nyeri, aliteka maji kisimani kwa Makokha tangu kilipochimbwa, na mara kwa mara aliwaletea githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Makokha alipozikwa, alikuja na birika la uji, akamimina, akaonja kwanza mbele ya watu kama afanyavyo anayetoa. Hakuna aliyepokea. Nasike aliumwaga uji ule migombani, kisha akanunua kufuli akafunga pampu ya kisima. Tangu hapo Nyaruai alikinga mvua, na mvua ikikosa alishuka mtoni, akipita langoni bila kugeuza shingo. Nasike alimtazama akipita, akasema moyoni, na ajue. Kusema kweli, hasira ile ilimsaidia kulala.

Miaka ikapita, kisha viganja vya mjukuu wake Phelista vikaanza kuwa vigumu, na madoa meusi yakamtoka kifuani. Makokha alianza hivyohivyo, wakadhani ni jembe. Phelista hajawahi kushika jembe. Nasike akachemsha maji ya kunywa, akayachemsha tena, na madoa yakazidi. Mwishowe mwanawe Derrick akapeleka chupa ya maji Kitale yakapimwe.

Majibu yaliletwa na Kemboi, afisa wa maji, mtu mpole asiyeketi kabla ya kukaribishwa. Alisema kisima kina sumu iitwayo aseniki.

"Nani aliweka?" Nasike aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Iko kwa mawe huko chini. Ilikuwa huko hata kabla mtu ajenge hapa."

"Na si mimi huchemsha?"

Kemboi alimtazama mtoto kwanza. "Kuchemsha haitoi. Maji inapungua, sumu inabaki."

Akaeleza kwamba mtoto apelekwe hospitali, na kwamba akiacha maji haya sasa, kuna tumaini. Kisha akauliza nani mwingine huyanywa. Nasike alifungua kinywa amtaje Nyaruai, akakumbuka kufuli.

Mchana huohuo alibeba mtungi mtupu, akamshika Phelista mkono, wakavuka ua. Nyaruai alikuwa akipukuchua mahindi na bintiye Kui. Viganja vyao vilikuwa laini, havina doa. Nasike aliona aibu. Kufuli lake limewaokoa aliowafukuza, na yeye amebaki ndani akimnywesha mjukuu wake.

"Mama Kui," alisema, "naomba maji ya mtoto."

Nyaruai aliweka gunzi chini. Alichota kikombe kutoka tangi la mvua, akamtazama Nasike machoni, akakiinua mdomoni mwake.

Nasike akamshika mkono. "Usionje. Hakuna mtu alitia. Ilikuwa mawe."

Nyaruai alikishusha kikombe, akamnyooshea mtoto. Phelista alirudi nyuma, akaficha mikono mgongoni, kama alivyofundishwa na nyanya yake.

Nasike akakipokea kile kikombe, akaonja yeye kwanza mbele ya mtoto, akampa.