Nyumbu Aliyefuata Mtoto wa Farasi

Clavelina alitoweka nikiwa nimeshika bilauri ya maji ya miwa mkononi. Tulikuwa tumepumzika Santa Rosa, katikati ya ule mwinuko mkali unaotoka mtoni Apurímac kwenda magofu ya Choquequirao. Nyumbu wangu walikuwa kivulini na mizigo yao mgongoni. Nilikunywa mafunda mawili, nikageuka, nikaona nyumbu wawili na farasi wangu mzee mwenye kengele. Clavelina hayupo.

Kwanza sikushtuka. Nyumbu wana tabia zao. Kisha nikakumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo shemeji yangu Anacleto alikuwa amepita akishuka, bila kunisalimia kama kawaida yake, na nyuma yake farasi jike na mtoto mchanga mwenye miguu mirefu kama ya kuazima. Hapo nikaelewa. Nyumbu baba yake ni punda na mama yake ni farasi, na mwenyewe hazai. Labda ni kwa sababu hiyo, sijui, lakini nyumbu jike akimwona mtoto wa farasi hupagawa. Humfuata popote. Anasahau mzigo, anasahau mwenye mali, anasahau hata majani.

Halafu nikakumbuka Clavelina amebeba nini, na bilauri ikanitoka mkononi.

Asubuhi ile, kabla hatujavuka daraja, bwana Rómulo alikuja nilipokuwa nafunga vyombo vya jikoni. Yeye ni fundi cherehani wa Arequipa, mtu mwembamba, tangu tuanze safari sijamwona akifumba macho. Binti yake Milagros ana kisukari, kile cha tangu utotoni, kinachotaka sindano kila siku bila kukosa. Dawa yake alikuwa akiivaa kifuani ndani ya mfuko mdogo. Lakini bonde lile lina joto la tanuri, na baba aliogopa dawa itaharibika.

"Mama Hilaria," aliniambia, "una kile kiboksi cha barafu. Niwekee hizi huko, mpaka tupande kwenye baridi."

"Zote, bwana?"

"Zote. Ziache pamoja."

Nikaviweka vile vichupa kati ya siagi na jibini, nikafunga boksi, nikampakia Clavelina, kwa kuwa ndiye mpole kuliko wote. Nilifikiri nimefanya vizuri. Milagros alijidunga ya asubuhi, basi. Ya jioni ilikuwa inashuka bondeni nyuma ya mtoto wa farasi.

Nikamwendea Wilbert, kiongozi wetu wa msafara, nikamwambia sikioni. Uso wake ukakauka.

"Dada, unasema zote?"

"Zote."

"Hakuna hata kimoja kwenye mkoba wake?"

"Wilbert, unataka niimbe? Zote."

Bwana Rómulo hakuhitaji kuambiwa. Aliwatazama nyumbu, akatutazama sisi, akakaa juu ya jiwe. Milagros ndiye aliyeongea, kwa sauti ya mtu aliyezoea ugonjwa wake kama wengine walivyozoea miwani.

"Nisipopata leo jioni, usiku nitaanza kutapika," alisema. "Kesho asubuhi sitaweza kutembea. Kesho jioni, sijui."

Kutoka pale hadi hospitali ni kushuka lile bonde lote na kupanda upande wa pili, kisha gari. Kwa mtu mzima ni kazi. Kwa mgonjwa anayetapika, hata juu ya farasi, nilikuwa sitaki kufikiria.

"Mimi nashuka," nikasema. "Wilbert, kaa nao hapa. Binti asile kitu cha sukari. Anywe maji."

"Naijua kazi yangu, dada."

"Basi ifanye. Na usimwache huyu baba peke yake."

Niliteremka ile njia ya vikonakona nikikimbia, mimi mwanamke wa miaka hamsini kasoro, sketi nimeipandisha na kuichomeka kiunoni. Watu hudhani anayesali sana ana maneno mazuri tayari wakati wote. Mimi sikuwa nayo. Nilichosema kutoka juu hadi chini ni, "Bwana, nyumbu. Bwana, nyumbu." Pumzi haikutosha kwa zaidi ya hapo, na nadhani Mungu alielewa.

Kwenye kona moja juu ya mto nilisimama. Chini kabisa, kwenye miamba, palikuwa na turubai la buluu linapepea. Turubai la mzigo wa Clavelina. Nililijua kwa kiraka cheusi nilichokishona mwenyewe. Nikashika kichaka nikainama nichungulie. Niliona mawe, madungusi, maji ya kijivu yakienda kwa kelele. Nyumbu sikumwona. Lakini mto ule haurudishi kitu unachokichukua.

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Sikumwomba Mungu anirudishie nyumbu. Nilisema, "Kama ameanguka, nipe miguu ya kumrudia yule baba nimwambie." Kisha nikasimama, kwa sababu kupiga magoti hakupeleki dawa.

Darajani ndipo nilipopata pumzi ya kwanza. Upande wa pili njia ina mchanga laini, na kwenye mchanga palikuwa na alama za kwato. Moja pana, ya farasi. Moja ndogo kama kikombe cha kahawa, ya mtoto. Na juu ya hizo, mbichi kabisa, alama nyembamba ndefu, ambayo si ya farasi wala ya punda. Nililia kidogo. Turubai lilikuwa limepeperuka tu. Nyumbu alikuwa amevuka kwa miguu yake.

Sasa ilibaki kwenda kwa Anacleto.

Anacleto ni binamu wa marehemu mume wangu. Nilipofiwa, nikachukua kamba za nyumbu badala ya kuwauza, yeye alisimama mbele ya chama chetu cha wabeba mizigo akasema mjane afuge panya wa kula, wale wafugwao jikoni, nyumbu awaachie wanaume. Nikamjibu kwamba panya wa kula wana akili kuliko yeye. Tangu siku hiyo, mimi na yeye hata salamu hapana. Ana shamba dogo la miwa na mapapai karibu na mto, na mfereji wa maji ya chemchemi unapita mbele ya mlango wake.

Nilimkuta ameketi kwenye kigogo, ananyoosha goti. Pembeni, Clavelina amesimama bila mzigo, pua yake mgongoni mwa mtoto wa farasi, macho nusu yamefumba. Hakugeuka hata kunitazama, mwizi yule.

"Habari za mchana, shemeji," nikasema.

"Aa! Kumbe ulimi upo." Anacleto hakuinuka. "Mimi nageuka nifunge lango, nahesabu wanyama, wamezidi. Nikasema, tazama, Hilaria ameamua kuniletea zawadi."

"Boksi liko wapi?"

"Nilijua utakuja. Nikasema, nikae nione kama atasalimia au ataanza na matusi."

"Shemeji, boksi!"

Alionyesha kwa kidevu. Boksi lilikuwa juani, wazi, tupu. Barafu ilikuwa imebaki maji ya vuguvugu chini. Nikaliinua, nikalitikisa.

"Vilikuwemo vichupa. Vidogo, vya kioo. Viko wapi?"

"Vile vya dawa ya mifugo?"

"Umevifanya nini, Anacleto?"

"Mtoto wa farasi anakohoa tangu juzi. Nikasema Hilaria ni mchoyo lakini dawa yake lazima ni nzuri. Nimetafuta sindano nyumba nzima."

"Umemdunga?"

"Nimedunga na nini? Sindano sijaipata! Mbona umekuwa mweupe hivyo? Viko mferejini."

Nilikimbilia mferejini. Chini ya kivuli cha mpapai, ndani ya maji yanayotoka mlimani ya baridi ya kuumiza mifupa, alikuwa amezamisha kikapu na kukikandamiza kwa jiwe. Siagi yangu ilikuwemo. Na vichupa vyote, vimefungwa kwenye mfuko wao, havijaguswa.

"Barafu yako ilikwisha," alisema nyuma yangu. "Nikaona haifai siagi ya watu iyeyuke. Mimi si mnyama."

"Na jibini?"

Anacleto akapapasa tumbo. "Hilo sikuliweka kwenye maji. Nililiweka mahali pa salama."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini nimekumbatia kikapu cha maji. Yeye akadhani nimerukwa na akili. Ndipo nikamweleza. Nilimwambia kuhusu Milagros, na baba yake aliyeketi juu ya jiwe, na jioni inayokuja.

Anacleto akaacha kutabasamu.

"Mtoto wa mtu?" akasema. "Mtoto wa mtu, na mimi nimekaa hapa nasubiri salamu?"

Alisimama, goti au si goti. Aliingia ndani akatoka na soksi ya sufu, ndefu, ya kusokotwa na marehemu mama yake. Akailowesha mferejini, akatia vichupa ndani, akafunga fundo.

"Sufu mbichi kwenye upepo haipati joto," alisema. "Ning'iniza kwenye tandiko, upande wa kivuli. Kila ukikuta maji, lowesha. Panda farasi wangu."

"Na wewe?"

"Nitakuja nyuma, nimeshika mkia wa nyumbu. Mtoto atamfuata mama yake, na yule kichaa wako atamfuata mtoto. Utafika kabla ya jua kuzama bila kumpiga mtu fimbo."

Ikawa hivyo hasa. Tulipanda ule mlima kama maandamano ya sikukuu. Mbele mimi juu ya farasi wa mtu ambaye asubuhi hakunipa hata salamu. Nyuma yangu mtoto, akikohoa kidogo. Nyuma ya mtoto, Clavelina na boksi lake tupu. Mwisho kabisa Anacleto, ameshika mkia wa nyumbu unaomvuta, akilalamika kuhusu goti, joto, serikali na ladha ya jibini langu.

"Lina chumvi mno, Hilaria!"

"Mwizi hachagui, shemeji!"

Bwana Rómulo alikuwa amesimama kwenye kona ya mwisho kabla ya Santa Rosa. Nilinyanyua ile soksi juu ili aione, inadondosha maji, na nikamwona mtu mzima akishikilia mti.

Milagros alikuwa amelala kivulini, midomo imekauka, anakunywa maji bila kukata kiu. Wilbert alivitazama vichupa kwenye mwanga, kimoja kimoja, akampa na Milagros avitazame. Yeye ndiye aliyejua.

"Bado ni angavu kama maji," alisema. "Ingeharibika ingeingia ukungu." Akanusa. "Kwa nini inanuka kondoo?"

"Usiulize," nikamwambia. "Dunga."

Akadunga. Tukakaa wote kumzunguka, hata Anacleto ambaye hakujua atazame wapi. Baada ya muda Milagros alijichoma kidole na kutia tone la damu kwenye kile kipimo chake cha sukari, na baba yake akafunga macho asione. Milagros akatabasamu.

"Inashuka, baba. Inashuka vizuri."

Nilitoka nje ya kivuli, nikaenda nyuma ya nyumbu ambako hakuna mtu, nikasema ahsante. Hapo maneno yalikuja, mengi, zaidi ya niliyoyahitaji.

Usiku ule tulikula supu ya viazi bila jibini. Bwana Rómulo alitaka turudi alfajiri. Alisema amejifunza, inatosha, mawe ya Wainka wa kale atayaona kwenye picha. Milagros alifunga tu mfuko wa dawa kifuani, juu ya fulana, akaukaza, kisha akamtazama baba yake. Aliyesema ni Anacleto, aliyekuwa anajipaka dawa ya goti.

"Bwana fundi, mimi kesho napanda nanyi. Nikirudi nyumbani na huyu mtoto, nyumbu wa Hilaria atanifuata tena, na sina tena pa kuweka jibini. Farasi wangu hana mzigo. Binti akichoka, atapanda. Sasa wewe unarudi kufanya nini?"

Bwana Rómulo alitoa pochi. "Unatoza kiasi gani?"

"Nimeshakula malipo yangu."

Tulifika Choquequirao siku iliyofuata mchana, mawingu yakiwa chini yetu. Milagros alipanda farasi kipande kimoja tu, sehemu iliyobaki alitembea mwenyewe. Wilbert alitupeleka mpaka kwenye matuta yale ambako lama, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu, wamejengwa kwa mawe meupe ndani ya kuta, wakipanda kilima kwa msururu kama wanyama wa kweli. Milagros alipita ukuta mmoja baada ya mwingine, akiwagusa wote kwa macho, maana kwa mikono hairuhusiwi. Kisha tukarudi kwenye uwanja wa juu wenye majani mafupi.

Wilbert akasafisha koo. Ndiyo kazi yake, na anaifanya vizuri. "Sasa, bwana Rómulo, mahali hapa palijengwa na..."

Milagros alimwekea kidole mdomoni.

Baba yake alikuwa amelala chali kwenye majani, kofia juu ya uso, mikono imetupwa pembeni. Anakoroma. Tangu walipotoka Arequipa hakuwa amelala namna hiyo.

"Mwache, kaka," Milagros alinong'ona. "Wainka hawaondoki."

Wilbert akafunga kitabu chake cha picha, akaketi. Nikaketi na mimi. Anacleto alitoa mapapai makavu mfukoni, akagawa, na hakuna aliyezungumza tena mpaka yule baba alipoamka mwenyewe.