Punje Kumi na Tisa

Mimi ndiye niliyemwambia Edina asubiri. Nalisema mwenyewe mapema kabla hujalisikia kwa wengine, kwa sababu hapa Matiri wapo wanaolisimulia hadi leo, tena kwenye harusi.

Mwaka ule wa 1999 mdogo wangu alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja pale Mbinga mjini. Shahada ya kwanza alikuwa ameipata Mlimani, Dar es Salaam, na kila Jumapili alikuja nyumbani kusali na kula pamoja nasi. Jumapili ya kwanza ya Agosti alikuja na kijitabu cha chuo kikuu kimoja cha Marekani. Akatuambia, mimi na Mama, kwamba anataka kusoma shahada ya pili ya uhandisi wa fedha.

Nilicheka mpaka nikapaliwa na ugali. "Mhandisi hujenga daraja," nikasema. "Fedha utaijengea nini, paa?"

"Kaka Osmund, wale wanunuzi wa magoma huja kahawa ikiwa bado maua. Wanakupa fedha leo, wanachukua kahawa ikiiva. Nani anajua kama bei waliyokupa ni ya haki?"

"Wao tu."

"Basi hesabu yake ipo. Ahadi ya kesho ina bei yake leo, na inakokotoleka. Mimi nataka kuijua hesabu hiyo."

Hapo sikucheka tena, maana maua ya shamba langu yalikuwa yameshaondoka mara mbili kwa njia hiyo.

Kijitabu kilisema maombi yanapokelewa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilifungwa tarehe 15 Desemba, na waombaji wake ndio pekee waliofikiriwa kwa ufadhili. Ya pili ilifungwa tarehe 31 Machi: nafasi za kusoma zipo, ufadhili hakuna. Na maombi yalitakiwa yawe yamefika huko, siyo yawe yametumwa. Ada ya mwaka mmoja ilikuwa kubwa kiasi kwamba ukoo wetu wote ungeuza kahawa mpaka tuzikwe na tusingeimaliza.

Pamoja na hayo Edina alichagua Machi. "Desemba sitakuwa tayari," alisema. "Nafundisha hadi jioni, halafu kuna mitihani ya kusahihisha. Hesabu za chuo zimeanza kunitoka. Nikipata hadi Machi nitajiandaa vizuri."

"Umesema kweli," nikamwambia. "Subira huvuta heri. Wewe pata nafasi kwanza, wizara italipa."

Niliamini hivyo kabisa. Nilikuwa karani wa chama chetu cha ushirika kwa miaka kumi na mmoja, na ushirika ulitufunza kusubiri: malipo ya kwanza, ya pili, na ya mwisho. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, chama kikafa, na mimi nikabaki na stakabadhi za malipo ya pili yasiyolipwa ndani ya kopo la maziwa. Niliendelea kuzitunza. Mtu akinicheka nilimwambia serikali ina mkono mrefu.

Mama yetu, Dafrosa, alikuwa ameketi kando akichambua maharage kwenye ungo. Hakujua kusoma, na alikuwa na tabia ya kunyamaza hadi umalize upuuzi wako wote.

"Edina," alisema, "ngolo tunachimba lini?"

Ngolo ni yale mashimo yetu ya Wamatengo mlimani, yanayozungukwa na matuta yaliyofukiwa majani, ili mvua isiuburute udongo.

"Machi, Mama."

"Kwa nini Machi? Kwa sababu tunakuwa na nafasi?"

"Hapana. Ili maharage yakomae kabla mvua haijakata."

"Basi. Tunaanzia siku mvua inapokata, tunarudi nyuma. Maharage yanataka wiki ngapi, majani yanataka kukauka siku ngapi, panga linolewe lini. Hatuanzi kwa kuuliza mgongo kama umepona. Wewe umeanzia kwako. Anzia mwisho. Toka leo hadi hiyo siku yenu ya Desemba kuna Jumapili ngapi?"

Edina akahesabu. Kumi na tisa.

Mama akapanga punje kumi na tisa za maharage mezani, akasukuma sahani yangu pembeni ingawa nilikuwa sijamaliza. "Kitu gani kinakuwa cha mwisho kufika kwao?"

"Majibu ya mtihani. Kuna mtihani wa kimataifa unaofanyika Dar Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Majibu huchukua wiki nane kufika chuoni."

Mama akaondoa punje nane.

"Kabla ya mtihani?"

"Fomu ya kujiandikisha ifike wiki sita kabla." Zikaondoka sita. "Na barua yenyewe kutoka hapa huchukua wiki nne." Zikaondoka nne.

Ilibaki punje moja katikati ya meza.

"Hiyo ni wiki hii," Mama akasema.

Edina aliitazama ile punje, na mimi niliona uso wake ukibadilika. Wiki moja tu baadaye asingekuwa na chaguo tena, na asingejua kwamba alikuwa nalo. Nilishikwa na hofu, na nilipoogopa nilifanya kama kawaida yangu: nilibisha. Nikasema Machi ina punje nyingi zaidi.

"Zipange," Mama akasema.

Nikazipanga kumi na tano zaidi. Yeye akaanza kuziondoa kutoka mwisho. "Hii mvua. Hii mvua. Hii barabara ya ziwani, kwa mwalimu wake wa hesabu, imekatika. Hii mvua." Akanitazama. "Na wizara itamlipia, siyo? Chama kimeshakulipa wewe?"

Ukiambiwa ukweli na mama yako mbele ya mdogo wako unauma mara mbili.

Jumatatu tukauza nguruwe ili tupate ada ya mtihani, yule mkubwa tuliyemtunzia Krismasi. Jumatano fomu ya mtihani ikaondoka posta ya Songea. Na mimi nikapewa kazi ya kwenda Mbaha, kule ziwani, kwa Mwalimu Pankras. Huyu alimfundisha Edina hesabu, kisha akastaafu, na maombi yalitaka barua yake.

Agosti barabara ni kavu. Nilishuka kwa lori hadi ufukweni, nikamalizia kwa miguu, nikamkuta Mwalimu akigeuza usipa wake, vile vidagaa vya ziwani, juu ya vichanja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Edina anaomba lini?"

"Desemba."

"Vizuri. Mwanzo wa mwaka mto umefurika, ungenikuta upande wa pili, ungepiga kelele hadi ukauke koo." Aliiandika barua mara tatu, kwa wino, bila haraka, akafunga bahasha na kutia sahihi juu ya gundi. Kisha akauliza, "Wewe ulimshauri nini?"

"Asubiri," nikasema. Niliona aibu, nikatazama usipa.

Oktoba Edina alifanya mtihani Dar es Salaam, akachukua barua nyingine mbili kwa walimu wake wa Mlimani, na Jumatatu iliyofuata akatuma bahasha nzima kutoka posta kuu. Alirudi amekonda. Alisema sehemu ya lugha ilimpiga, lakini ya hesabu aliipiga yeye. Wiki ya kwanza ya Desemba mvua ilishuka kwa hasira, na barabara ya Mbaha ikakatika, ikabaki hivyo hadi Pasaka.

Barua ilikuja tarehe 28 Machi, siku tatu kabla ya kufungwa ile awamu ya pili niliyoisifia. Edina alikuwa likizo, nasi sote tulikuwa mlimani, wanawake wakichimba ngolo na mimi nikipanga majani. Katekista aliipandisha kutoka mjini akihema. Edina akaifungua kwa mikono ya udongo, akasoma, akasoma tena, halafu akaketi ndani ya shimo.

"Wamenichukua," alisema. "Na ufadhili wote. Ada, chakula, nauli."

Wanawake wakapiga vigelegele hadi shamba la jirani likajibu bila kujua sababu. Mimi nililia waziwazi, na sijutii.

Mama hakulia. Alifuta jembe, akauliza, "Masomo yanaanza lini?"

"Septemba mosi."

Akaingiza mkono kwenye kibuyu cha mbegu, akatoa kiganja cha maharage, akaanza kuyapanga juu ya tuta jipya, kutoka Septemba kurudi nyuma: safari, visa, pasipoti, cheti cha kuzaliwa kilicholiwa na mchwa. Alipoiweka punje ya mwisho aliinua macho kunitafuta.

Nilikuwa nimeshashika njia ya kwenda mjini kufuatilia cheti.