Mwenye Shamba Ni Mlima

Baba mkwe wangu, mzee Crisanto Tiul, hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililotuponza.

Sheria mpya ya kuwapa wakulima hatimiliki ilipokuja, wapima ardhi walitukuta tunapukuchua mahindi. Mkubwa wao, kijana wa mjini aliyekuja na mkalimani, aliuliza swali moja tu: shamba hili la nani?

"La Mlima," baba akajibu, akaunyoshea kidevu. "Sisi tunaomba kulima tu."

Sisi Wakekchi, wenyeji wa asili wa milima hii, ndivyo tunavyosema. Kabla ya kupanda tunafukiza ubani tukimwomba Mlima ruhusa, kwa sababu yeye ndiye mwenyewe. Ukijiita mwenye ardhi, hata watoto watakucheka.

Niliruka na gunzi mkononi, nikafoka kwa Kihispania changu kibovu. "Injinia, subiri! Ni letu! Babu ya mzee huyu kazikwa pale!"

"Mama, nimemuuliza mkuu wa kaya."

"Muulize tena basi!"

"Keshajibu."

Wakaenda zao. Nilimgeukia baba kwa hasira. "Si ungesema tu ni lako?"

"Mbele yake?" akaninong'oneza, akiogopa Mlima asije akasikia.

Ramani ya wapima ilipobandikwa, shamba letu lilikuwa limeandikwa halina mwenyewe. Punde tukasikia tajiri mmoja wa michikichi ameliomba. Hatuna shamba jingine. Nikaanza kumfundisha baba kama mtoto wa chekechea: sema "langu". Akakataa. Nikalia mbele yake bila aibu, nikamuuliza wajukuu wake watakula nini. Siku hiyo akakubali, na mimi nikajiona mshenzi.

Tulikwenda ofisi ya ardhi mjini. Baba alisimama mbele ya karani, kofia mkononi.

"Shamba ni langu," akasema. "Langu mimi, Crisanto Tiul."

Nikatafsiri. Karani, mama mpole tu, akashusha pumzi. "Pole, mzee wangu. Muda wa pingamizi ulishapita. Limeshapewa mtu."

"Mwambie nimesema ni langu."

"Nimemsikia," karani akanijibu.

Nilikuwa na matusi ya kumtosha kila mtu mle ndani, lakini nani ningemtukana? Tukarudi. Njia ya kwetu inapita chini kabisa ya Mlima. Tulipofika hapo baba alivuta kofia ikamfunika macho, akanipa mkono nimwongoze.