Sahani Iliyomegwa Pembeni

Nitasema ukweli tangu mwanzo, maana hapa Heru Juu mnanijua. Mimi Theodosia nina wivu. Sikurogwa wala sikuambukizwa. Nilizaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Lakini mwaka wa tisini na nne wivu huo ulikaribia kunitoa nyumbani kwangu na kuniachisha watoto wangu.

Uwimana alikuja mwishoni mwa tisini na tatu, vita vilipochacha kule Burundi. Alikuwa mjane wa mdogo wake mume wangu. Alifika kwa miguu, hana hata sufuria, ana fundo la mbegu za maharage kwenye ncha ya kitenge, na uso ambao, Mungu nisamehe, njaa na safari havikuuharibu hata kidogo. Mume wangu, Nsengimana, alilia kama mtoto. Nami nililia. Kisha nikaona anavyomtazama, machozi yangu yakakauka palepale. Kwetu mtu akifa, ndugu yake humchukua mjane. Kanisani wamekataza, sawa, lakini tangu lini desturi ikaenda kanisani?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nsengimana akampa jembe, akampa na kibanda ng'ambo ya ua, na kipande cha shamba kando ya migomba yangu. Loo, lile jembe! Mvua za msimu ule ziliozesha maharage yangu yote, ya Uwimana yakabeba mpaka yakalala chini. Ikawa nyumba nzima inakula maharage ya Uwimana. Mume wangu akirudi kutoka Kasulu mjini na dagaa wa dukani kwa Khatibu, anaupita mlango wangu, anampa Uwimana, ati ndiye anayejua kuwaunga kwa karanga. Watoto wangu wakawa wanashinda jikoni kwake. Siku moja Dadi, kitindamimba wangu, nikamsikia kwa masikio yangu anamwita mama.

Siku hiyo nikaapa kwamba cha mkono wa Uwimana hakitapita kooni mwangu.

Nikampiga marufuku mlangoni kwangu. Basi kila siku akawa anamtuma binti yangu Winnie aniletee sahani ya maharage. Na kabla ya kumpa, anasimama mlangoni kwake, ananikazia macho kutoka ng'ambo ya ua, anachota kijiko kizima pembeni ya sahani yangu, anakula! Kila siku! Mimi, mwenye mji, naletewa makombo, tena yaliwe nikiona! Kiburi gani hicho? Nikawa nawamwagia kuku. Mimi nikasonga ugali wangu wa mahindi, nikaula kwa chumvi na pilipili, mchana na jioni, kutoka Februari mpaka Septemba. Nilishiba. Nani alisema ugali haushibishi?

Kufikia Julai mikono yangu ikaanza kuungua. Nikilima juani, ngozi inakuwa nyeusi, inakauka, inapasuka. Shingoni ukanizunguka mkufu wa ngozi mbovu, kana kwamba nimevishwa kamba ya moto. Tumbo likaharisha. Usingizi ukanikimbia. Nikawa nalia bila sababu, nasahau chungu motoni, nawafokea watoto mpaka wananikwepa. Na wivu, jamani, wivu ukanikaba. Uwimana akicheka, ananicheka. Akinyamaza, ananipangia. Nikasema hapana, huyu keshaniroga, anataka nife arithi mji.

Siku moja nikamsimamisha mume wangu uani.

"Baba Winnie, hapa mmoja wetu aondoke."

"Aende wapi? Umpeleke kambi ya wakimbizi Kibondo?"

"Hata huko. Kwani wenzake hawapo?"

"Siwezi kumfukuza mke wa marehemu."

"Basi nitaondoka mimi. Nakwenda kwetu Titye."

 Akasema polepole, "Nenda. Lakini watoto hawaendi. Watabaki na Uwimana."

Moyo ulinipasuka. Watoto wangu wabaki na Uwimana! Nikamwona Dadi mgongoni kwake, anamwita mama mpaka uzeeni. Lakini nilikwishasema, na mdomo wangu ukisema haurudi nyuma. Nikafunga mzigo.

"Kwanza tupite hospitali ya Kabanga," mume wangu akasema, akatoa baiskeli. "Siwezi kumrudishia baba yako mtu mwenye shingo kama hiyo."

Pale hospitali ya misheni tulimkuta tabibu mmoja, Tharsisi, mtu mwembamba asiye na haraka. Akaigeuza mikono yangu, akainamisha kichwa changu, akaitazama shingo.

"Mama, unakula nini?"

"Nimerogwa, Daktari. Siyo mambo ya kula."

"Nimeuliza unakula nini."

"Ugali."

"Kwa mboga gani?"

 Mume wangu akataka kusema, nikamkanyaga mguu.

"Kwa chumvi," nikasema.

Tharsisi akavuta kiti. "Sikiliza, mama. Kuna kitu kinaitwa triptofani. Ni moja ya amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini. Mwili hauwezi kuitengeneza, ni lazima uile. Katika mahindi ni haba. Imo kwenye maharage, karanga, dagaa, mayai. Mwili unaigeuza vitamini ya kulinda ngozi na tumbo. Ubongo nao unaitumia kutengeneza kitu kinachotuliza moyo na kuleta usingizi. Ukiikosa miezi mingi unapata pelagra. Ngozi inaungua, tumbo linaharisha, kichwa kinakosa raha, unaona kila mtu adui. Ukiendelea hivi, utakufa."

"Na wivu?" nikauliza. "Nao unatokana na hiyo?"

Akacheka. "Huo sina kipimo chake."

Akanipa vidonge. "Hivi vitakuinua. Lakini ukitaka kusimama, kula maharage kila siku."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Njiani nililia nyuma ya baiskeli, na mume wangu akaendelea kukanyaga pedali. Tulipofika njia panda ya Titye, akasimama. Nikamwambia, "Endesha twende nyumbani."

Nikaingia jikoni kwa Uwimana kwa mara ya kwanza, nikaketi. "Nipe maharage," nikasema, bila hata hodi.

Akapakua. Akashika kijiko, akachota pembeni ya sahani, akatafuna, akameza. Akasubiri kidogo, akinitazama machoni. Ndipo akanisogezea sahani. Pembeni palikuwa na lile lile shimo la kijiko.

"Kwa nini unakula changu?"

Akashangaa. "Naonja, Mama Winnie. Ukimpa mtu, unaanza wewe, aone hakuna sumu. Ulinikataza mlangoni kwako, nikawa naonja pale kwangu, ili unione."

Ee Mungu wangu! Pombe tunaonja hivyo, hata bibi yangu alionja. Lakini maharage? Miezi minane mwanamke yule ameapa mbele yangu kwa mdomo wake kwamba hakuna sumu, nami nawamwagia kuku.

"Na mume wangu?" nikauliza. Bora kumaliza yote.

Akainama. "Ana sauti ya marehemu. Akianza kusema, mimi natoka nje."

Nilimwamini. Nusu.

Nikala kila siku. Wiki ya tatu mkufu ukaanza kubanduka shingoni. Usingizi ukarudi, Dadi naye akarudi mapajani. Mzigo wa Titye niliufungua. Na kila siku Uwimana alionja kwanza, nami nilimwacha aonje, maana nusu iliyobaki ilikuwa bado inaangalia.

Mpaka siku moja ya Novemba, tulipotoka kupanda, nikamshika mkono kijiko kikiwa hewani.

"Acha. Leo usionje."

Akaweka kijiko chini, akalia. Nikamtazama, na wivu ukanipanda upya kabisa, maana hata akilia mwanamke yule ni mzuri. Nikaivuta sahani, nikala.