Cherehani Haibaki

Asubuhi hiyo kufuli la chumba cha Mshauri lilikuwa limegoma tena. Alilibembeleza, akalitukana kidogo, likafunguka. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya kituo cha polisi, mahali pa kuwekea baiskeli za wizi na televisheni zisizo na wenyewe, na mpaka leo kilinuka oili. Kilikuwa na milango miwili: mmoja wa kutokea ukumbini, kwenye kaunta, na mwingine wa nyuma uliotumika kuingizia mizigo. Walipompa walimwambia avumilie kwa muda tu. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa walikuwa shule.

Yeye hakuwa askari. Aliajiriwa na shirika dogo, akapangwa hapa kwenye dawati la kulinda wanawake na watoto. Kazi yake ilikuwa kukaa na mtu anayepigwa nyumbani, kumsikiliza, na kupanga naye njia ya kutoka akiwa hai. Hakuwa na pingu wala cheo. Alikuwa na viti viwili vya plastiki, boksi la tishu alilojinunulia mwenyewe, na mdomo.

Alikuwa bado anafungua dirisha Koplo alipochungulia mlangoni. Wenzake walimbandika jina la Polepole, maana alipoandika maelezo ya mtu ungedhani anachonga kitanda cha harusi. Alikuwa na roho nzuri, hilo hakuna aliyebisha.

"Dada Mshauri, jana ulipokuwa mahakamani alikuja yule mtu wako. Yule mshonaji, mwenye mtoto mgongoni."

"Enhe?"

"Shavu limevimba hivi. Nikamhurumia, nikasema hili lisilale. Nimemwambia akamwite mumewe, waje leo wote wawili tuwasikilize."

Mshauri aliliachia pazia. "Umemtuma nani akamwite?"

"Yeye mwenyewe."

"Koplo! Mtu kapigwa, kaja huku kwa kujificha, halafu unamrudisha kwa aliyempiga akamwambie polisi wanakuita?"

Koplo alikuna kisogo. "Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Gari hatuna, dada. Nani angekwenda?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkata maini. Kituo kizima kiliendeshwa hivyo: anayelalamika ndiye anayetumwa kumwita anayelalamikiwa. Kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja ilikuwa usumbufu tu. Kwa mwanamke aliyevimba shavu ilikuwa kumkabidhi mtu panga na kumwomba asilitumie. Na gari la kituo lilikuwepo, zima kabisa, na mafuta ndani. Inspekta alikuwa amelichukua tangu alfajiri kubebea viti na maturubai ya hafla ya kupinga ukatili majumbani.

Kumpigia simu yule mwanamke haikuwezekana. Simu yake ilikaa mfukoni mwa mumewe. Na kumtoa pale nyumbani walikuwa wamejaribu kupanga tangu mvua za mwanzo, mpango ukakwama palepale kila mara. Mumewe alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa baraza ya nyumba yao. Mtu hakutoka wala kuingia bila kumpita. Mshonaji angeweza kuchoropoka na mtoto, kwa kisingizio cha kliniki au nyuzi, lakini si na cherehani yake ya miguu ya chuma. Na bila cherehani hakuwa tayari kuondoka.

"Nitoke niende wapi na mikono mitupu?" alimwambia Mshauri siku moja, bila kulia. "Nikiiacha nitarudi, dada. Si yeye atakayenirudisha, ni njaa. Cherehani haibaki."

Semina zote alizohudhuria Mshauri zilimfundisha kujibu kwamba roho kwanza, vitu vinatafutwa. Lakini alikuwa ameshaona wanawake wengi wakitoka na mfuko mmoja wa plastiki, na kabla miezi haijageuka wakarudi kulekule kwa sababu ya unga. Kwa hiyo siku ile hakujibu kitu, na alijua kwamba kutojibu kwake kulikuwa sawa na kukubali.

Sasa alikwapua mkoba wake ili aende huko huko, liwalo na liwe. Hakufika mlangoni. Waliingia.

Mume alitangulia, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, amempakata mtoto kifuani. Mke alifuata nyuma, mtandio umeshushwa upande mmoja wa uso. Mpita njia angewaona angesema familia ndiyo hii. Mshauri alishusha pumzi kwanza, kwa sababu mshonaji alikuwa hai. Kisha akaona jinsi alivyotembea, akiuburuza kidogo mguu wa kulia ambao juzi haukuwa na kitu.

"Habari za kazi, maafande," mume alisema kwa sauti ya kuwatosha wote. "Nimeitwa, nimekuja. Mimi ni raia mwema. Ni aibu tu haya mambo ya chumbani kuletwa hadharani, lakini ndiyo tuna wake, tufanyeje?"

Askari wawili kaunta walicheka. Koplo, kwa mazoea, akawaonyesha benchi, lilelile moja, wakae bega kwa bega mpaka waitwe. Mshonaji alikaa ukingoni kabisa, nusu ya mwili hewani.

Mshauri alimtazama yule mwanamume akipangusa vumbi la viatu vyake, na wazo likamjia. Aliliogopa kwanza. Kama fundi redio yuko hapa, barazani kuna nani?

Alimvuta Koplo pembeni, nyuma ya kabati.

"Umeniharibia, sasa utanitengenezea. Mchukue maelezo yule baba."

"Kwa kifupi?"

"Usithubutu. Andika kama unavyoandika wewe. Anzia kwa babu yake."

Koplo alimtazama. Jambo lilimwingia taratibu, kama kila jambo, lakini lilipofika liliingia lote. "Inspekta akirudi nitamwaga unga, dada."

"Kuandika maelezo si kazi yako?"

Koplo alifikiri sana. "Ni kazi yangu," alisema hatimaye, kama mtu aliyepewa habari njema. Akachukua kalamu.

Alibaki mtoto. Mume alikuwa amemkumbatia kwa nguvu, na macho yake yalisema anajua amekumbatia nini.

"Mtoto haruhusiwi kwenye maelezo," Koplo alisema.

"Toka lini?"

"Sheria, bwana. Mtoto akilia, maelezo yanaharibika. Yanaanza upya."

Sheria hiyo haikuwahi kuandikwa popote duniani, ila Koplo aliisema kwa upole wa mtu asiyejua kudanganya, na mume akasonya, akamkabidhi mke mtoto. Mshauri alimshika mshonaji kiwiko, akamwingiza chumbani kwake, akafunga mlango.

"Nyumbani kuna nani?" alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Ufunguo?"

Mshonaji aligusa fundo kwenye pindo la khanga yake. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa nyuma, yakarudi. Nje ya ukuta walisikia sauti ya Koplo ikiuliza: baba yako mzazi alizaliwa wapi?

"Mimi sikuamulii," Mshauri alisema. "Ukitaka tukae hapa uandikishe yako, tutakaa, na sitakuacha peke yako naye. Ukitaka twende, twende sasa hivi. Nyumba salama inakusubiri tangu zamani, unajua."

Mshonaji alimfunga mtoto mgongoni, akakaza khanga.

"Mkokoteni tutaupata wapi?" aliuliza.

Waliupata nyuma ya soko. Msukuma mkokoteni alitaka kujua mzigo gani na haraka ya nini, Mshauri akamwambia mzigo ni chuma na haraka ni yetu wenyewe, na yeye, aliyezoea watu wenye haraka, hakuuliza tena.

Nyumba ilikuwa kimya. Barazani redio zilikuwa zimefumuliwa matumbo juu ya meza. Mshonaji aliingia akichechemea, akatoka na mfuko wa nguo za mtoto, akarudi ndani, na hapo ndipo walipojua uzito wa kile walichokuwa wamekifuata. Wanaume watatu ndio walioiingiza cherehani ile. Waliivuta mpaka kizingitini ikakwama, miguu yake ya chuma ikakwaruza sakafu kwa kelele ya kumwamsha maiti.

Jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima, alitoka na bakuli la mchele mkononi.

"Mnahama?"

"Inakwenda kwa fundi, mama," mshonaji alijibu upesi. "Imeharibika."

Yule mama aliitazama cherehani, akautazama mguu wa mshonaji, akalitazama shavu. Aliweka bakuli chini.

"Imeharibika siku nyingi," alisema. "Na sisi tunasikia kila siku na kuongeza sauti ya televisheni, Mungu atusamehe. Haya, shika huku, mimi nashika huku. Moja, mbili!"

Ilipanda mkokotenini. Njiani Mshauri aligeuka nyuma kila kona mpaka shingo ikamuuma. Mshonaji hakugeuka. Alitembea kando ya mzigo wake, mkono mmoja juu ya meza ya cherehani, kama anayemsindikiza mgonjwa.

Kwenye nyumba salama, mlezi wa pale, mama wa maneno machache, alifungua geti akaona mkokoteni.

"Mtu ndiyo. Mashine hapana. Kanuni unazijua, Mshauri. Leo cherehani, kesho mtaniletea mtambo wa kusaga."

"Mama, huyu ana watoto wawili. Mmoja yupo mgongoni, mwingine ni huyu wa chuma. Utamtenga mtoto na mama yake?"

"Usinichekeshe, niko kazini."

"Na yeye anataka kuwa kazini. Ndiyo maana kaja nayo."

Mlezi alishindwa kuzuia tabasamu, akalifuta upesi. Aliizunguka mashine, akaijaribu kwa mguu. Ilizunguka bila kelele.

"Ipite nyuma, isionekane na mkaguzi," alisema. "Na chumba chake kina dirisha bovu, msije mkalalamika."

Mshauri alirudi kituoni mchana. Gari la Inspekta lilikuwa limeegeshwa uani, limejaa viti. Inspekta mwenyewe alisimama kaunta, bado amevaa fulana ya hafla, imeandikwa kifuani kwamba ukatili sasa basi. Mbele yake palikuwa na kurasa za Koplo.

"Nilitaka wapeane mikono, yaishe," Inspekta alisema bila kumtazama. "Hawa ni mtu na mkewe. Halafu huyu ananiambia mume ameshasaini, na keshamweka ndani."

"Ameshasaini, afande," Koplo alisema.

"Na mwenye kesi katokea mlango wa nyuma! Mshauri, siku nyingine mtu hatoki hapa bila mimi kujua."

"Sawa, afande," alijibu, na moyoni akajua kwamba si sawa hata kidogo.

Inspekta alipoingia ofisini kwake, Koplo alimsogezea Mshauri kurasa. Mume alikuwa ameeleza kila kitu. Alimpiga kwa mkono upi, kwa mkanda upi, mguu upi aliukanyaga jana usiku alipoambiwa anaitwa polisi, na kwa nini, ambapo alisema ni kumrekebisha tu, kama mwanamume yeyote.

"Sikumlazimisha," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "Nilimuuliza polepole tu. Alikuwa anafurahia kueleza, dada. Alidhani tuko upande wake." Akafunika kalamu yake. "Na jana nilikuwa upande wake. Mguu ule ni wangu mimi."

Mshauri hakumwambia hapana. Alijua pia kwamba kuna dhamana, kuna kesi kuahirishwa, kuna hakimu ambaye naye ana fulana kama ya Inspekta. Kesho angeanza kupigana na hayo. Lakini maelezo yalikuwa mezani, yamesainiwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wote kituoni.

Alipopita kwenye mlango wa mahabusu aliitwa. Mume alikuwa ameshika nondo, shati limelowa jasho, mikunjo yote imekwisha.

"Wewe dada! Mke wangu yuko wapi?"

Mshauri alisimama. Alikuwa amechoka, mabega yanamuuma kwa kubeba chuma, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na hofu ya mtu huyu.

"Yuko kazini," alisema.