Njia Iliyopinda Nyuma ya Sikio

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kukausha midomo, na upepo wa mashariki ulianza kubeba vumbi la mtaa wetu wa Majengo kabla jua halijapanda. Angani hapakuwa na wingu hata moja.

Niliamka saa kumi na moja nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwomba Mungu mambo mawili: kesho nisibabaike, na Batholomeo awe bado rafiki yangu.

La kwanza lilihusu kanisa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu hamsini na mitatu, nilikuwa nimepangiwa kusoma somo mbele ya watu. Nilijifunza kusoma uzeeni, katika darasa la jioni, nimekaa kwenye dawati la watoto na magoti yamegusa mbao. Somo lenyewe lilikuwa na mistari kumi na minne, habari ya ndugu wawili wanaokutana baada ya miaka mingi ya kuogopana. Nilikuwa nimelirudia wiki tatu nzima.

La pili lilihusu nywele zangu.

Mimi ni kinyozi. Watu hudhani kinyozi hana shida ya kichwa chake, lakini wahenga waliposema kinyozi hajinyoi hawakuwa wanatania. Mkono hauoni kisogo. Kwa miaka ishirini na moja mimi na Batholomeo tulifanya kazi kwenye kibanda kimoja pale Majengo, viti viwili na kioo kimoja. Kila Jumamosi jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, tulinyoana. Yeye alikaa kwanza, kisha mimi. Hatukumruhusu mtu mwingine atushike vichwa.

Tulinyoa kizamani, kama walivyonyolewa makarani na walimu wa enzi za baba zetu. Pembeni tulishusha kwa mkasi juu ya kitana, polepole, mpaka nywele zififie zenyewe shingoni. Juu tuliziacha, tukazipaka mafuta na kuzilaza kwa brashi. Mwisho tulikata njia, ule mstari mwembamba wa kugawa nywele, upande wa kushoto kwa ncha ya wembe. Mashine zilipokuja, vijana wakazikimbilia, na sisi tukabaki na wazee wetu, tukichekwa.

Lakini njia ya kichwani mwangu haikukatwa kwa wembe. Ni kovu.

Nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu karibu na Kongwa. Baba alinipa ng'ombe wa kuchunga, na mimi niliwaacha nikaenda kusimama kwenye dirisha la shule kusikiliza wenzangu wakisoma. Ng'ombe wakaingia kwenye karanga za jirani. Baba alinikuta bado nimeshika nondo za dirisha. Fimbo yake ilikuwa na ncha iliyopinda. Ilinipasua kuanzia juu ya paji, ikapita juu ya sikio la kushoto, ikaishia nyuma ya sikio kwa kujikunja kama ncha ya mundu. Hapo nywele hazikuota tena. Shuleni sikwenda tena.

Ujana wangu wote nilivaa kofia. Batholomeo ndiye aliyenivua. Siku ya kwanza aliponikalisha kitini pake aliliangalia kovu kwa muda mrefu, akachukua wembe akaongeza kipande kidogo tu mbele, mpaka kwenye paji. Kisha akanigeuzia kioo. Kovu halikuwepo. Palikuwa na njia, njia ya mtu mwenye heshima zake. Nililia, nikamweleza habari ya dirisha na karanga na fimbo. Mbali na mke wangu Loisi, sijamweleza mwingine.

Miaka miwili iliyopita tajiri mmoja alikuja kumchukua Batholomeo akafungue saluni ya kizamani kule Mtumba, karibu na ofisi za wizara. Siku hizi vijana wa maofisini wanaitaka staili ya babu zao. Waliotucheka wamegeuka. Batholomeo aliniaga kibandani tukiwa wawili tu.

"Jumamosi ni Jumamosi, Gerson," alisema. "Nitakuja tunyoane. Kichwa chako si cha kuachia mtu."

Alikuja Jumamosi tatu. Ya nne alituma ujumbe kwamba ana wateja wengi. Ya tano hakutuma kitu. Ahadi ile haikuwa na shahidi, kwa hiyo sikuwa na wa kumlalamikia isipokuwa Mungu, na nilimlalamikia kweli. Kuna usiku sala zangu zilikuwa kama mashtaka.

Tangu hapo Loisi hunipunguza kwa mkasi wa kushonea, nami nimerudia kofia. Majirani wana la kusema: "Kinyozi gani kichwa kama kiota cha kunguru?"

Kanisani mwanamume hasomi amevaa kofia. Ndiyo maana asubuhi ile nilimwambia Loisi naenda Mtumba.

"Unakwenda kunyolewa au kugombana?" aliuliza akinifuta vumbi begani.

"Kunyolewa. Nataka njia yangu, basi."

"Na asipokukumbuka?"

"Kichwa changu atakikumbuka."

Saluni niliiona kwa mbali. Mlango wa kioo, viti vya ngozi nyekundu, ukutani mikasi ya zamani imetundikwa kama ngao. Mezani alikaa binti nadhifu mwenye kibandiko cha jina kifuani: Jenifa. Nilikisoma bila kubabaika, nikafurahi kidogo.

"Shikamoo mzee. Karibu. Unanyoa au unasubiri mtu?"

"Marahaba mwanangu. Nanyoa. Namtaka Batholomeo mwenyewe."

"Ana mteja, ila amekaribia kumaliza. Kaa hapo. Ukutani kuna staili zetu, chagua."

Ukutani palikuwa na picha za vichwa, zote zimepigwa kwa nyuma, kidogo kwa upande. Ile kubwa kuliko zote ilinivuta macho. Pembeni zimefifia, juu zimelazwa, na upande wa kushoto njia inayopita juu ya sikio na kujikunja mwishoni kama ncha ya mundu. Chini yake pameandikwa NJIA YA BATHO.

Nikamtazama kijana aliyekwisha kunyolewa, amekaa akisoma simu. Nyuma ya sikio lake, njia imejikunja. Nikamtazama aliyekuwa anavaa koti atoke. Imejikunja. Walikuwa wanatembea ofisini na fimbo ya baba yangu vichwani mwao.

Batholomeo alikuwa amenipa mgongo, ananyoa bwana mmoja mwenye shati jeupe. Amenenepa. Sauti ni ileile.

"Mzee Batho, hebu wasimulie hawa," alisema yule bwana. "Wasidhani ni urembo tu."

"Aa, Rodgers, kila siku niseme hilohilo?"

"Sema bwana! Mimi nimelisimulia ofisini, mkurugenzi akauliza saluni iko wapi."

Batholomeo akacheka. Akafuta wembe, akasema kama mtu anayehubiri mahubiri aliyokwisha kuyazoea: "Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga. Miaka tisa. Baba ananipa ng'ombe, mimi moyo uko shule. Nikasimama dirishani nimeshika nondo, nasikiliza wenzangu wanasoma. Ng'ombe wakaingia kwenye karanga za watu..."

Nikashika mikono ya kiti. Hakuacha kitu. Alitaja nondo. Alitaja ncha ya fimbo. Alisema alilia kitini alipogeuziwa kioo. Jenifa, ambaye bila shaka ameisikia mara mia, alikuwa bado ameinamisha uso kwa huruma.

"Kwa hiyo ukikata njia hii," Batholomeo alimalizia, "hukati nywele. Unamkumbuka mtoto aliyekosa shule."

"Na kovu lenyewe, mzee, bado lipo?" aliuliza kijana wa simu.

"Lipo, ila nimelifunika. Siku hizi naacha nywele zilale juu yake."

Hapo ndipo alipoinua macho kwenye kioo akaniona. Nilikuwa nimevua kofia na kuishika magotini, nywele zangu ndefu zimelifunika kovu. Wembe ulisimama hewani. Nilingoja. Hata wakati ule, Mungu ni shahidi wangu, kama angegeuka na kusema "huyu hapa," ningemkumbatia.

Aliinamisha macho akaendelea kufuta poda shingoni mwa Rodgers.

"Bosi, tayari. Mwingine."

Nikasimama nikaenda kukaa. Alinifunga shuka shingoni, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Umekuja," alisema kwa sauti ya chini.

"Jumamosi ni Jumamosi."

"Gerson, ningekuja. Kazi hapa, unaona mwenyewe..."

"Kesho nasoma kanisani. Nilikuja unikate njia."

"Unasoma? Wewe?" Kwa dakika moja uso wake ulikuwa ule wa zamani. "Hongera, ndugu yangu. Nitakukata njia ambayo mchungaji mwenyewe ataitamani." Akachukua kitana.

"Hapana," nikasema. "Nimebadili mawazo. Nyoa zote."

"Zote vipi?"

"Kipara. Kwa wembe."

Akainama karibu na sikio langu, akijifanya ananikagua. "Usifanye hivyo. Nakuomba. Hawa watu nywele watanyolewa popote. Kinachowaleta hapa ni hadithi."

"Ungesema ni ya rafiki yako."

"Mwanzoni nilisema. Wakauliza, rafiki yako yuko wapi? Nikaona aibu kuwaambia nimemwacha Majengo. Siku moja nikasema ni mimi, tukaendelea. Na wewe ulikuwa unaificha, Gerson. Kofia ujana wako wote. Mimi nimeifanya watu waiheshimu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko wizi, maana yalikuwa na ukweli ndani yake. Ni kweli niliificha. Lakini mtu akificha kidonda chake hajakigawa.

"Nyoa," nikasema. "Au nitafute kinyozi mwingine."

Alinyoa. Namshukuru kwa hilo, hakumwachia mwingine. Alianza na kisogo, akashuka, nywele nyeupe na nyeusi zikaanguka kwenye shuka. Upande wa kulia. Juu. Alipofika upande wa kushoto akasimama, akapangusa kiganja kwenye suruali. Hajawahi kunikata hata mara moja katika miaka ishirini na moja, na siku ile pia hakunikata. Akapitisha wembe juu ya sikio, na nywele za mwisho zikaondoka.

Bila nywele kando yake, njia haiwi njia tena. Kwenye kioo lilibaki kovu tupu, pana, linalong'aa, limeanzia juu ya paji na kupita juu ya sikio. Mwisho wake umejikunja kama ncha ya mundu.

Rodgers alikuwa bado amesimama mezani kwa Jenifa. Aliliangalia kovu langu, akaangalia ile picha ukutani, kisha mkono wake ukapanda polepole nyuma ya sikio lake mwenyewe ukagusa pale palipojikunja.

"Mzee Batho," alisema. "Huyu ni nani?"

Batholomeo alikuwa anafuta wembe ambao ulikwisha kuwa safi.

"Batho, si nakuuliza? Huyu mzee ni nani?"

"Ni mteja," alisema Batholomeo.

Jenifa alishika mdomo. Kijana wa simu alisema taratibu, "Mh, jamani." Mimi nilifungua shuka mwenyewe, nikaikung'uta, nikaikunja mara nne kama tulivyokuwa tukikunja Majengo, nikaiweka kitini. Njiani kuja nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, ya kusamehe na ya kusamehewa. Hayakuwepo hata moja. Nilisali kimya, sala fupi, nikimwomba Mungu anizuie nisiseme uongo wala nisiseme zaidi ya ninachoweza kutimiza. Kisha nikawageukia.

"Naombeni mnisikilize," nikasema. "Rodgers, na wewe Jenifa, na wewe kijana ambaye sikujui jina. Nitasema jambo moja, nanyi mtakuwa mashahidi wangu, maana ahadi ya mwisho niliyopewa na mtu huyu haikuwa na shahidi. Mimi ni Gerson Madeha, kinyozi wa Majengo, mwana wa mchungaji wa ng'ombe wa Kongwa. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya kanisa kusoma somo nikiwa hivi mnavyoniona, bila kofia, na atakayeniuliza kovu hili nimelipata wapi nitamwambia mwenyewe kwa kinywa changu. Na mkono wa Batholomeo hautagusa tena kichwa hiki mpaka siku atakaposimama hapa, mbele ya kioo hiki, awaambie wateja wake alikuwa anamnyoa nani. Siku hiyo nitakuja kwa miguu yangu na nitakaa kitini. Kabla ya siku hiyo, hata ikiwa ni mpaka kaburini, mke wangu atanishikia wembe nami nitabaki kipara. Nimesema mbele yenu na mbele za Mungu."