Pishi ya Mwinyimadi

Mwinyimadi bin Hemedi alikuwa na pishi moja tu, na wakulima wote wa Kisarawe waliijua: kopo la bati lenye kutu ukingoni, lililokaa juu ya meza ya duka lake tangu zama za marehemu baba yake. Alipouza mchele alilijaza kopo hilo, akapitisha kijiti juu yake, kikakwangua kila punje iliyothubutu kuinua kichwa. Hiyo ndiyo pishi mfuto. Alipomnunulia mkulima, kijiti hakikuonekana. Alizungushia mkono wake wa kushoto ukingoni, mkono mrefu wa mtu asiyejua jembe, kisha akasema kwa upole, "Mimina, ndugu yangu, mimina kwa jina la Mungu," na mpunga ukapanda mpaka ukamfika kwenye kiwiko. Hiyo nayo aliiita pishi.

Mwanamvua binti Mwinjuma, mjane wa kijiji cha Msimbu, alikuwa akipima mpunga wake nyumbani kwa mfuto, pishi sita. Akiufikisha kwa Mwinyimadi zinakuwa nne. Njia nzima hakumwaga hata punje. Mbili zilibaki kwenye ule mkono.

Basi mtu huyo ndiye aliyetaka kuwa rais.

Mwaka huo wa hamsini na mbili Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya, alikuwa ametoa ruhusa wakulima waunde chama chao. Kitakuwa na ghala pale Kisarawe, kitanunua mazao ya wanachama chenyewe na kuyapeleka Dar es Salaam. Kila chama siku hizo kilikuwa na rais, hata vyama vya ngoma, na rais wa chama hiki ndiye atakayeamua mpunga upimweje ghalani: kwa kijiti au kwa mkono. Mengine yote yalikuwa maneno. Mwanamvua hakuhitaji kusoma ili kulijua hilo.

Waliojitokeza walikuwa watatu. Pazi, mwenye lori, alikuwa mtu wa wenye maduka, na hakuficha: mkono utabaki. Mashaka, shemeji yake Mwanamvua, alitaka kijiti. Katikati yao akasimama Mwinyimadi, na kusimama katikati ndiko kulikokuwa kipaji chake chote. Wakulima wakimuuliza habari ya pishi, alisema mkulima ana haki yake. Wenye maduka wakimuuliza, alisema soko lina desturi zake. Wakimuuliza wote kwa pamoja, aliagiza kahawa.

Na watu wazima wenye akili zao, watu waliokwisha kuzika wazazi na kuoza mabinti, walikaa barazani kutwa nzima wakibishana kama Mwinyimadi akipata urais atageuka kuwa mtu wa kijiti. Mmoja alisema ana huruma, kwa kuwa Ijumaa iliyopita alitoa sadaka. Mwingine alisema moyoni yuko na wakulima, ila hawezi kusema. Mwanamvua alipita na mtungi wake kichwani, akawasikia, akasonya.

Jioni moja Mashaka akamfuata jikoni na kusema amejitoa.

"Umejitoa wapi?"

"Kwenye urais. Tukigawana kura miye na Mwinyimadi, Pazi anapita. Nimempa watu wangu."

"Na yeye kakupa nini?"

Mashaka akakuna kidevu. "Kasema atanisikiliza."

"Atakusikiliza!" Mwanamvua akaweka mwiko chini. "Shemeji, mbuzi naye anakusikiliza, masikio yote mawili, kisha anakula mihogo yako. Kasema kijiti?"

"Hawezi kusema sasa. Wenye maduka watamkimbia. Akishakaa kitini ndipo tutamsukuma."

"Mtu ambaye hamwezi kumsukuma akiwa amesimama, mtamsukuma akishaketi?"

Mashaka akaomba maji ya kunywa. Lakini Mwanamvua hakulala na neno hilo bila kulifanyia kazi, kwani alikuwa na kitu ambacho Mashaka hakuwa nacho. Ukoo wake na ukoo wa Mwinyimadi walikuwa watani tangu mababu.

Mtani hagombi, na mtani hagombwi. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukunyang'anya ulichoshika, nawe huruhusiwi kununa. Unacheka, unakikomboa kitu chako, mnaendelea. Siku ya kuzikwa mzee Hemedi, Mwanamvua alimvua Mwinyimadi kofia na kupiga kelele kwamba mzee amekufa kwa aibu ya kumzaa, na kwamba kaburi lichimbwe pana ili mwana naye afukiwe angali mzima. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka, na Mwinyimadi akaikomboa kofia kwa kuku. Mama yake, Bi Mwanakheri, alisema baadaye kwamba pasipo Mwanamvua asingeivuka siku ile. Hiyo ndiyo kazi ya watani. Msiba usio na mtani, watu huuzungumza kwa miaka.

Siku ya uchaguzi wanachama walikusanyika kwenye uwanja karibu na soko la Kisarawe. Kura ilikuwa ya kupanga mstari: umtakaye, simama nyuma yake. Mstari wa Pazi ulikuwa mrefu. Wa Mwinyimadi ulikuwa mfupi kidogo, na kati ya mistari hiyo palijaa watu wasiojua waende wapi, wengi wao wa Msimbu, waliokuja kumchagua Mashaka wakaambiwa hayumo.

Mwanamvua hakwenda uwanjani moja kwa moja. Alipitia dukani, akaingia bila hodi, akaichukua ile pishi mezani. Akaivaa kichwani kama kofia, na kijiti akakishika mkononi kama bakora ya jumbe, akaingia nacho uwanjani akitembea kwa madaha. Watu wakaangua kicheko hata kabla hajafungua kinywa.

"Nimemkamata mwizi!" akapaza sauti. "Nimemkuta mezani kwa huyu kaburi lisilofukiwa, anameza mpunga wa wajane! Mwinyimadi, mkono wako mrefu kuliko utumbo wako! Unaitaka pishi yako?"

"Naitaka, mtani," Mwinyimadi akasema akicheka. Angefanya nini? "Sema ukombozi wako. Kuku?"

"Kuku wako kakonda kwa kula mfuto. Miye nataka neno. Sema hapa, wote wasikie: ukiwa rais, kununua mfuto au mkono?"

Kicheko kikapungua. Pazi akageuka kutazama. Mwinyimadi akamtazama Pazi, akawatazama watu wa Msimbu waliosimama hawana mstari, na mwenye macho angeweza kumwona anavyohesabu vichwa. Kisha akanyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeshindwa mweleka.

"Umenipata, mtani! Mfuto kununua, mfuto kuuza! Na mkono huu nitaufunga kwa kamba ya mbuzi, kamba nikupe weye uishike!"

Uwanja ulilipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wa Msimbu wakajipanga nyuma yake wakisukumana, na baadhi ya watu wa Pazi wakatoroka mstari wao wakaja kucheka huku. Mwanamvua akamvika Mwinyimadi pishi yake kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Mashaka akamnong'oneza, "Shemeji, umefanya nilichoshindwa miye," naye Mwanamvua akajisikia mkubwa kama lori la Pazi.

Hivyo ndivyo Mwinyimadi alivyopata urais, na aliyempa alikuwa ni Mwanamvua.

Mwezi wa saba mpunga ukaiva. Mwanamvua akavuna, akapura, akapima nyumbani: pishi kumi na mbili. Akambebesha punda wa jirani, akapanda nao mlima hadi ghalani Kisarawe, moyo wake mweupe. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa, na juu ya mlango pameandikwa jina la chama kwa rangi nyekundu. Ndani alikaa karani wa chama, na mbele ya karani ilikuwa pishi mpya inayong'aa. Kijiti hakikuwapo.

"Mimina, mama," karani akasema, akazungushia mkono ukingoni.

Mwanamvua hakumimina. "Mkono huo umeagizwa na nani?"

"Na rais."

Rais mwenyewe alikuwa humo humo ghalani, upande wa nyuma, akiwaeleza watu fulani wa Gwata faida za subira. Alikuwa na kanzu mpya na kitambi kipya, na kila aliloulizwa alilijibu kwa maneno mawili, "kwa sasa" na "polepole," maneno aliyokuwa ameyaokota kwa Bwana Shauri akayapenda kuliko watoto wake. Alipomwona Mwanamvua akatanua mikono.

"Karibu, mchawi wangu!"

"Mwinyimadi, karani wako kaweka mkono. Uliahidi mfuto mbele ya watu wote."

"Niliahidi nini?"

"Ahadi ni deni, bwana."

Mwinyimadi akacheka, si kwa ubaya. Ndilo lililomuuma Mwanamvua baadaye kuliko yote: alicheka kwa wema kabisa. "Deni la utani, mtani wangu? Umenidai kwa utani, nimekulipa kwa utani. Tangu lini maneno ya watani yakapelekwa barazani? Weye uliahidi kunizika mzima msibani kwa baba. Nimekuja kukudai jembe?"

Watu waliokuwa wakingoja zamu yao wakacheka. Wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuna mzee wa Kisarawe wala wa Msimbu ambaye angesimama na kusema mtu afungwe na neno alilomjibu mtani wake, na Mwanamvua mwenyewe angemzomea mzee huyo. Aliuona ujinga wake wote kwa mara moja. Ahadi aliyokuwa akiitafuta ilihitaji kutolewa na uso mkavu. Yeye akaichukua kwa kicheko, akampa mtu huyu mahali pazuri pa kuwa pande zote mbili tena. Alimdharau Mwinyimadi, lakini hiyo ilikuwa dharau ya zamani, aliizoea. Dharau mpya ilikuwa ya kwake mwenyewe, na hiyo ilichoma.

"Tumpe muda, shemeji," Mashaka akasema. Alikuwa kwenye foleni na kikapu chake. "Ndiyo kwanza ameanza."

Mwanamvua hakumtazama. Akashusha ushungi wake vizuri, akapiga goti kidogo mbele ya Mwinyimadi, mtu aliyezaliwa naye mwaka mmoja, ambaye walioga pamoja mtoni wakiwa watoto.

"Shikamoo, Bwana Rais."

Mpunga uliokuwa ukimiminwa ukaacha kumiminwa.

"Ah, mtani," Mwinyimadi akasema, "usinitanie hivyo."

"Sitanii. Mimi na wewe utani umekwisha, na hawa ndio mashahidi. Shikamoo."

Shikamoo haiachwi chini. Mwinyimadi akatazama huku na huku, akaijibu kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. "Marahaba."

"Sasa nakuuliza bila utani, Bwana Rais. Mfuto au mkono?"

Kwa mara ya kwanza hakukuwa na pa kukimbilia, si kwenye kicheko wala kwenye kahawa. Mwinyimadi akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. "Jambo hilo," akasema, "tutalitazama."

"Ahsante," Mwanamvua akasema. Akageuza punda. Wanawake wanne wa Msimbu waligeuza wa kwao pamoja naye. Waliobaki, na walikuwa wengi, wakamimina. Mashaka naye akamimina, macho yake chini, mkono wa karani ukimeza kikapu chake.

Bi Mwanakheri alifariki mwanzo wa mvua za vuli. Mwanamvua alilia habari ilipomfikia, kwani yule bibi alimpenda. Ukoo wake wote ukapanda mlima kwenda kuzika, na waliofika mapema walikaa wakiwangoja, wakijua shughuli itaanza watani wakitokea.

Watani wakatokea. Wakavua viatu, wakatoa salamu, wakasema poleni, wakaketi. Hakuna aliyenyakua kofia, hakuna aliyelalia jeneza wala kudai kwamba marehemu amekimbia deni la chumvi. Mazishi yakaenda kwa utulivu ambao hakuna aliyewahi kuuona Kisarawe. Waombolezaji walitazamana. Walilia wakanyamaza, wakalia tena, na hapakuwa na kitu cha kuwanyanyua.

Baada ya maziko Mwinyimadi akaja uani, ambako wanawake walikuwa wakipokea rambirambi za chakula. Macho yalikuwa mekundu, kofia imekaa upande. Akasimama karibu na Mwanamvua, kofia ile ikiwa imefikika kabisa kwa mkono, akangoja. Hakuna kilichotokea.

"Nitukane hata kidogo," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kwa ajili ya mama. Watu wanatazama."

"Mungu amrehemu, Bwana Rais," Mwanamvua akasema. "Alikuwa mtu mwema."

Kisha akavuta kapu lake la mchele. Chakula cha msibani hupimwa kwa kilele, kila mtu anajua, unamimina mpaka kimwagike na hakuna anayeokota. Mwanamvua akaijaza pishi ya wafiwa mpaka ikawa na kilele. Akatoa kijiti kwenye pindo la khanga yake, kile kile kijiti cha dukani alichosahau kukirudisha siku ya uchaguzi, akakipitisha juu yake taratibu mbele ya macho ya Mwinyimadi, na punje zote za juu zikarudi kapuni.

"Mfuto," akasema, akampa kwa mikono miwili kwa heshima zote.

Halafu akaenda kuketi mkekani pamoja na wageni wengine.